Rigi ya bega kwa kamera ndogo: irudishe kamera nyuma kabla ya kuongeza uzito

*Swali: Shikamoo mwalimu. Napiga video za harusi, sendofu na ibada hapa Morogoro. Natumia Sony HXR-NX100. Nimeipima kwenye mizani ya duka ikiwa na betri kubwa na maiki, ikatoka kilo mbili na nusu. Shughuli moja inachukua saa nne mpaka sita. Ikifika saa ya pili mkono wa kulia unatetemeka, picha inacheza, mgongo unauma. Mtandaoni nimeona rigi za bega, yaani vyuma vya kuikalisha kamera begani, za kila namna: nyingine zina mishikio miwili mbele, nyingine zina uzito nyuma, na bei zinapishana mno. Nina laki sita. Ninunue ipi? Au niuze kamera hii nichukue ya begani kama MC2500?*

Marahaba, mdogo wangu, na pole kwa mgongo. Nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo linaloweza kukugharimu zaidi: kamera usiiuze. MC2500 imeundwa ikae begani, ina karibu kilo 3, na kwa kukaa inakaa vizuri kweli. Lakini kihisi chake cha picha ni cha robo inchi, chako ni cha inchi 1. Ukilinganisha eneo linalopokea mwanga, chako kinakizidi zaidi ya mara kumi. Lenzi ya MC2500 inafunguka kuliko yako, na hilo linaisaidia, ila halifidii pengo lote. Wewe kazi yako ni ya ukumbini, usiku, MC akishatangaza taa zipunguzwe bibi harusi anaingia, na DJ kawasha taa zake za rangi. Hapo ndipo kihisi kikubwa kinapokulipa. Najua wateja wengi bado wanaheshimu kamera inayopanda begani. Mimi mwenyewe niliwahi kusimamishwa mlangoni na mama wa bibi harusi akiuliza kamera kubwa inafika saa ngapi. Rigi itakupa na heshima hiyo pia, na picha yako utabaki nayo.

Sasa tuje kwenye rigi yenyewe. Umewahi kumtazama muuza maji anayebeba kwa mzega? Mti mmoja begani, ndoo moja mbele, moja nyuma. Ikitokea ndoo ya mbele imejaa na ya nyuma imepungua, yule mtu hatafuti maji ya kuongeza. Anausogeza mti kidogo, bega likae karibu na ndoo nzito, anaondoka zake. Rigi ya bega ni mzega ule ule, na karibu makosa yote ninayoyaona kwa vijana wanaonunua rigi yanatoka hapo: wanakimbilia kuongeza ndoo ya nyuma badala ya kuusogeza mti.

Kwa nini kamera yako haikai begani kama zile za zamani? Chukua Betacam, iliyoingia sokoni mwaka 1982. Ilikuwa nzito, waliobeba wanajua, lakini kitundu chake cha kuchungulia kilikuwa mbele, ubavuni kushoto. Jicho likiwa pale, mwili wote wa kamera ulipita juu ya bega, na betri ilining'inia nyuma kabisa ya sikio. Mbele lenzi, nyuma betri, bega katikati. Kamera ndogo kama yako ilibuniwa kwa ajili ya mkono. Kitundu cha kuchungulia kiko mkiani. Ukitaka kuweka jicho pale, kamera nzima lazima isimame mbele ya uso, na bega linabaki nyuma halina kitu. Tatizo hili ni la siku nyingi. Canon XL1 ya mwaka 1997 ilikuja na pedi yake ya bega, na bado uzito wa lenzi ulikuwa unavuta mbele, watu wakawa wanaongeza vifaa nyuma ili itulie.

Tuweke hesabu, kwa sababu hapa hesabu inasema kweli kuliko tangazo la muuzaji. Nguvu inayoiangusha kamera mbele ni uzito mara umbali kutoka bega. Ukitumia kitundu cha kuchungulia, kitovu cha uzito wa kamera yako kitakuwa kama sentimita 30 mbele ya bega. Kilo 2.5 mara 30 ni 75. Rigi nyingi za bei rahisi zina mkia mfupi, uzito wa nyuma unakaa sentimita 15 tu kutoka bega. Gawa 75 kwa 15, unapata kilo 5. Yaani kamera ya kilo mbili na nusu inadai kilo tano nyuma yake, ongeza kilo moja na nusu ya vyuma vya rigi, umebeba kilo 9. Ukisimama nazo saa nzima kwenye ibada ya ndoa, mkono utapona lakini mgongo utakuwa umeumaliza.

Sasa sogeza mti. Achana na kitundu cha kuchungulia, tumia skrini. Kwenye kamera yako skrini inafunguka kutoka sehemu ya mbele ya mpini wa juu, na hiyo ni bahati, kwa sababu inabaki mbele ya uso hata mwili wa kamera ukirudi nyuma. (Kwa wenzako wenye Canon za XA, skrini iko ubavuni karibu na mwili, kwa hiyo hawawezi kurudisha sana.) Kamera ikirudi mpaka kitovu cha uzito kiwe sentimita 20 mbele ya bega, nguvu inashuka kutoka 75 hadi 50. Refusha mkia, uzito wa nyuma ukae sentimita 25 kutoka bega, sasa unahitaji kilo 2. Ukipunguza kidogo, iwe kilo moja na nusu, mbele patakuwa pazito kiasi kidogo ambacho mkono unakibeba bila kuchoka. Na hivyo ndivyo ninavyotaka ufanye. Rigi iliyolingana sawasawa inaelea, na nyuma pakizidi lenzi inapanda juu kila unapolegeza mkono. Mbele pazidi kidogo tu: ukiachia mikono, lenzi iiname polepole, isidondoke.

Jumla yake ni kama kilo tano na nusu badala ya tisa. Kamera ni ile ile na bega ni lile lile, isipokuwa mti umesogezwa.

Usikisie kitovu cha uzito. Chukua kitu cha mviringo, mpini wa mwiko unatosha, uulaze mezani. Weka kamera juu yake ikiwa kamili: betri, maiki, kila kitu kama unavyokwenda nayo kazini, na skrini iwe wazi. Isogeze mbele na nyuma mpaka itulie bila kuangukia upande wowote. Pale mwiko ulipo, bandika utepe ubavuni mwa kamera. Sehemu hiyo ndiyo utakayoipima kutoka bega lako. Ukibadilisha betri ndogo kwa kubwa, utepe utahama, upime tena.

Kitu kitakachokuzuia kurudisha kamera zaidi ni macho yako. Skrini ikiwa karibu mno na uso huioni vizuri. Kijana anaweza kuona kitu kilicho umbali wa shibiri moja, lakini ukishapita miaka arobaini hata shibiri moja na nusu ni shida. Ndiyo maana utashauriwa ununue monita ndogo ya inchi 5 uifunge mbele kwenye mkono wake. Nilifanya hesabu hiyo kabla sijakushauri. Monita na betri yake ukiziweka sentimita 35 mbele zinarudisha sehemu kubwa ya nguvu uliyookoa kwa kusogeza kamera nyuma. Kwa laki sita, monita iache kwanza. Nunua kivuli cha skrini, au kata kadibodi nyeusi uigundishe, kwa ajili ya zile picha za mchana wa jua kali nje ya kanisa ambapo skrini inakuwa kama kioo cha kujitazamia.

Mikono nayo ni jambo ambalo wauzaji hawalisemi, na hapa ningependa unisikilize kwa makini. Rigi zenye mishikio miwili mbele, kama pikipiki, zimetokana na kazi za sinema, ambako mwenye kamera anashika tu na mtu mwingine pembeni ndiye anayerekebisha fokasi. Wewe uko peke yako. Kazi ya shughuli inaishi kwenye kitufe cha zumu kilicho chini ya vidole vya mkono wa kulia. Shangazi analia kwa furaha kule meza kuu, una sekunde tatu za kumfikia. Ukiutoa mkono wa kulia kwenye mkanda wa kamera ukaupeleka kwenye mshikio, umeacha zumu, kitufe cha kurekodi na kila kitu ulichozoea. Kwa hiyo tafuta rigi yenye mshikio mmoja, wa kushoto, unaoweza kukunjwa. Mkono wa kulia ubaki ndani ya mkanda wake, kiwiko kikiwa kimebana mbavuni. Wa kushoto utashika mshikio ukitembea, na ukisimama utahamia kwenye pete ya lenzi. Hivyo ndivyo walivyoshika wapiga picha wa habari tangu enzi, na sijaona namna bora kwa mtu mmoja.

Kama umeshapenda ile ya mishikio miwili, basi utahitaji kidhibiti cha zumu cha kufunga kwenye mshikio, kile kinachotumia mfumo wa LANC. Tazama tundu la milimita 2.5 lililoandikwa REMOTE kwenye kamera yako. Hapo ndipo waya unapochomekwa. Sony na Canon wanaelewana kwa mfumo huo. Panasonic wana wao, wa matundu mawili, kwa hiyo usiazime cha rafiki mwenye Panasonic ukadhani kamera imeharibika isipojibu.

Kuna rigi zinazokuja na chuma kilichopinda kama herufi Z, ili bega liwe kulia na kamera ihamie kushoto mbele ya jicho. Muuzaji atakuambia ndiyo inayofaa kwa kamera yenye kitundu nyuma. Ni kweli jicho litafika, lakini sasa uzito haupo tu mbele ya bega, upo na kushoto kwake. Rigi itataka kulala upande, na mkono wako utapigana nayo jioni nzima ili mstari wa sakafu usiende mshazari. Ukiona picha za mtu meza zote zimeinama kidogo kushoto, mara nyingi ni hiyo. Chagua iliyonyooka.

Pedi ya bega watu wanaichagua kwa kuibonyeza na kidole. Ivae. Shusha bega, peleka kidole kwenye mtulinga wako, ule mfupa unaotoka shingoni kwenda begani, kisha angalia pedi inakaa wapi. Ikikaa juu ya mtulinga, baada ya nusu saa mkono utaanza kufa ganzi. Inatakiwa ikae kwenye nyama, kati ya shingo na ncha ya bega, na mbele ishuke kidogo kifuani ili isiteleze. Pedi laini sana hubonyea mpaka chuma kikakugusa, ngumu kiasi ndiyo nzuri. Kwa akina dada wenye mabega membamba pedi nyingi ni pana mno, na fundi cherehani anaweza kuipunguza kwa kuikata na kuishona upya. Mimi huwa nashonesha na kitambaa cha kukwaruza kidogo upande wa chini, kwa sababu suti na kanzu zinateleza.

Halafu kuna jambo ambalo kwenye shughuli lina uzito kuliko yote niliyosema, nalo ni kuipandisha na kuishusha kwenye stendi. Hutakaa na rigi begani saa sita, wala usijaribu. Mahubiri, hotuba, utoaji zawadi ule mrefu, hiyo yote ni kazi ya stendi. Bega ni la kuingia ukumbini, la keki, la kufungua shampeni, la kucheza, la ndugu wanaokuja wakiimba na zawadi vichwani. Kwa jioni nzima ni dakika arobaini, pengine saa moja, zikiwa zimekatika katika vipande. Sasa fikiria rigi ambayo ili uitoe begani uiweke kwenye stendi inabidi ufungue skrubu mbili. Utafanya hivyo mara ya kwanza, mara ya pili utaghairi, mara ya tatu utakuwa umeiacha rigi kwenye gari.

Kwa hiyo kabla ya kununua geuza rigi utazame chini. Pawe bapa, pawe na matundu ya skrubu ya robo inchi na ya tatu kwa nane. Ile pleti ya kichwa cha stendi yako ifungwe hapo chini ya rigi, ikae hapo siku zote, ili rigi nzima iingie kwenye stendi kwa mlio mmoja wa kufunga. Nunua pleti ya pili ya aina hiyo hiyo uifunge chini ya kamera yenyewe, kwa siku utakayotaka kuitumia bila rigi. Rigi za kiwango cha juu zina tako linaloingia kwenye pleti ya Sony VCT-14, ile ile iliyotumika kwa kamera kubwa za habari kwa miaka mingi. Ukiikuta pleti hiyo ya mkono wa pili kwa mtu aliyeacha kamera kubwa, ichukue. Kutoka begani hadi kwenye stendi ni sekunde mbili. Na hakikisha rigi inaweza kusimama yenyewe mezani bila kulalia lenzi. Siku moja lazima utaitwa ule.

Uzito wa nyuma, watu watakuambia uufanye betri kubwa ya V, ile inayoning'inizwa kwenye kibanio chenye umbo la herufi V, ili ubebe kitu chenye faida badala ya chuma kitupu. Wazo ni zuri kwa kamera zinazokula umeme mwingi. Yako inakwenda saa kadhaa kwa betri moja ya NP-F970. Zaidi ya hapo, betri ya V inatoa volti 14.4 na kamera yako inataka 7.2, kwa hiyo lazima ipite kwenye kipunguza volti kabla ya kuingia kwenye ile betri bandia inayochomekwa kwenye kamera. Nimeshaona kamera iliyounganishwa moja kwa moja na fundi aliyedhani waya ni waya, haikuwaka tena. Ukija kuinunua siku za mbele, na una safari za ndege kwenda kazini Mwanza au Zanzibar, chagua iliyo chini ya saa-wati 100, maana juu ya hapo unahitaji ruhusa ya shirika la ndege, na zote zinapanda na wewe ndani, hazikai kwenye mzigo wa chini.

Kwa sasa uzito wako utengeneze mwenyewe. Chubwi za wavuvi ni madini ya risasi matupu, zinauzwa kwa uzito, na kilo moja na nusu ya risasi haijazi hata kikombe cha chai. Zifunge kwa nailoni ngumu na utepe, kwa sababu risasi ni sumu na haitakiwi ikuguse mikono na unakula wali wa harusi, kisha fundi cherehani akushonee kifuko cha turubai chenye vitanzi viwili vya kupita kwenye fito za rigi. Kifuko kina faida moja zaidi ya vyuma vya kiwandani: unaongeza au kupunguza chubwi moja moja mpaka ule mzani wa lenzi kuinama polepole upatikane. Ila usipitishe mkia zaidi ya sentimita 30. Kwenye hesabu mkia mrefu ni mzuri, kwenye ukumbi uliojaa utampiga mtu usoni siku utakapogeuka ghafla.

Kuhusu kununua. Usinunue seti nzima ya plastiki hata ikiwa na vipande kumi na tano kwenye picha. Nyingi zilitengenezwa kwa kamera za picha mnato zenye uzito wa kilo moja, na zikipewa kilo mbili na nusu vibanio vinaanza kulegalega ndani ya mwezi. Kipimo changu dukani ni rahisi: funga kila kitu, shika pedi kwa mkono mmoja na mbele kwa mkono mwingine, kisha jaribu kuipinda kama unakamua nguo. Ikipinda au ikilia, irudishe.

Nunua vipande. Unahitaji bamba la chini lenye pedi ya bega iliyoungana nalo, fito mbili za alumini za milimita 15, na mshikio mmoja wa kushoto. Basi. SmallRig na Tilta, zote za Shenzhen nchini China, zina vipande hivi, na mara nyingi unavikuta Kariakoo au unaagiza. Zacuto ya Chicago na Shape ya Kanada ni kazi safi sana na ningefurahi ungekuwa nazo, lakini laki sita haifiki huko, na kwa hesabu tuliyofanya hutapoteza picha kwa kuzikosa. Angalia tu vipimo viwe vya kawaida: fito za milimita 15, na kutoka katikati ya fito moja hadi katikati ya nyingine milimita 60. Ukishika vipimo hivyo, kipande cha kampuni moja kitaingia kwenye kipande cha nyingine, na miaka mitano ijayo bado utapata vipuri. Fito ziwe na urefu wa sentimita 40 kuendelea ili mbele na nyuma zipatikane. Mkono wa mshikio uwe na ile rozeti yenye meno kwenye kiungo, inayofungwa na skrubu ya M6, kwa kuwa kiungo laini kisicho na meno kinazunguka ukikitegemea.

Ukikosa fito ndefu, fundi wa kukereza anaweza kukutengenezea. Mpe kibanio chenyewe akipime, usimpe namba mdomoni. Rigi yangu ya kwanza, enzi hizo natumia kamera ya Sony PD170, niliichongesha Gerezani kwa vyuma vya milimita 16 kwa kuwa ndivyo vilivyokuwepo, na kwa sababu nilidhani chuma kizito ndicho imara. Vibanio nilivyokuja kununua baadaye havikuingia hata kimoja, na ile rigi peke yake ilinizidi kamera uzito. Nilifanya nayo harusi za msimu mzima. Bega la kulia bado linanikumbusha hali ya hewa ikiwa ya baridi, ndiyo sababu nimekuandikia marefu namna hii.

Utakutana pia na ule mguu wa kiunoni, fimbo yenye springi inayotoka chini ya rigi kwenda kwenye mkanda wa suruali. Unahamisha uzito kutoka bega kwenda nyonga, na kwa picha za kusimama unasaidia. Lakini tumbo linapumua. Ukivuta zumu ndefu utaiona picha ikipanda na kushuka na pumzi yako, na ukitaka kuinamisha kamera kumchukua mtoto anayecheza chini, fimbo inakukatalia. Kwa kilo tano na nusu zilizosawazishwa vizuri sidhani utauhitaji. Easyrig ya Uswidi, ile inayovaliwa kama begi na kamera ikaning'inia kwa kamba kutoka juu ya kichwa, ni jibu zuri la mgongo, ila bei yake ni ya mtu anayelipwa kwa siku na kituo kikubwa. Na kama mgongo unauma hata siku usizobeba kamera, muone daktari kabla hujanunua chuma chochote.

Kuna jambo moja nitakushauri ulijaribu hata kabla ya kutumia laki sita, kwa kuwa linaweza kukupunguzia nusu ya tatizo wikiendi hii. Stendi ya mguu mmoja. Kamera ikiwa juu yake mkono haubebi kitu, unahama nayo meza hadi meza, unainyanyua na kupita nayo kwenye msongamano. Haiwezi kutembea na bibi harusi, hapo bega linashinda. Lakini ukihesabu dakika za shughuli utaona nyingi ni za kusimama sehemu moja dakika mbili tatu, na hizo mguu mmoja unazimudu kwa utulivu kuliko rigi yoyote.

Rigi ikifika, usiende nayo moja kwa moja kwenye harusi ya watu. Ivae nyumbani jioni tatu nne. Tembea koridoni huku unarekodi, magoti yamelegea, kisigino kikitangulia, miguu ikipita karibu karibu kama mtu aliyebeba bakuli la mchuzi. Acha kile kituliza mtikisiko cha kamera kikiwa kimewashwa, na kamera ikipanda stendi ukizime. Zumu iwe pana unapotembea. Ukitaka kumsogelea mtu, msogelee kwa miguu. Macho usiyagandishe kwenye skrini tu, maana ndiyo yatakayoona nyaya za spika na mtoto aliyekaa njiani.

Baada ya jioni ya kwanza utakuta skrubu mbili tatu zimeanza kulegea. Hilo ni kawaida kwa rigi mpya. Ukishapata mkao wako, fungua kila skrubu ambayo hutarajii kuigusa tena, ipake rangi ya kucha kwenye meno, kaza ingali mbichi, uiache ikauke usiku kucha. Inashika vya kutosha isicheze, na spana ya aleni bado itaifungua siku ukitaka. Spana yenyewe ifunge kwa utepe kwenye mkia wa rigi, nyuma ya kifuko cha chubwi, usiiweke kwenye begi lililobaki garini.